Mnunuzi wa Dalali

Dalali hugonga ukuta kwa kidole alichokikunja, kisha huinamisha kichwa kama anayesikiliza kifua cha mgonjwa. "Nyumba ngumu hii!" Mbele ya wateja huiita jumba, wakishaondoka humwambia mama mwenye nyumba kuwa ni kibanda, apunguze bei. Mama amechoka kuwafagilia nyumba watu wa "nitarudi kesho", na bintiye anayekaribia kujifungua, anayemngoja ahamie kwake, hupiga simu kila siku: "Mama, bado tu hujauza?"

Jumamosi alikuja mwalimu mstaafu na mkewe, watu wa kweli, waliouliza hata maji hutoka siku gani. Dalali akakohoa, na mlangoni akatokea bwana mwenye miwani. "Huyu naye anaitaka, na ndiyo kwanza anaiona leo." Bwana akaingia chumba cha nyuma chenye giza, akapitisha mkono nyuma ya kabati ilikojificha swichi, akawasha taa bila hata kutazama. Mke wa mwalimu akamkanyaga mumewe mguu. Wakaaga kwa adabu ya watu wasiorudi.

Dalali akafuta jasho, akanyoosha mto wa kiti. "Usijali, mama. Mteja mwingine yuko njiani."

"Wa nini tena, mwanangu? Muuzie huyuhuyu. Nyumba anaijua kuliko mimi."