Presha ya Mkono Mwingine

Wateja walimwita fundi saa yule Dakika Tano, kwa kuwa ukimuuliza saa yako itakuwa tayari lini, jibu lilikuwa hilo hilo, hata kama ungekuja kuichukua baada ya wiki. Miaka thelathini alikaa kwenye meza yake ya vioo ubavuni mwa posta, lenzi jichoni, kibano mkononi. Alipenda kusema kwamba saa haijui wakati. Huambiwa wakati na saa nyingine.

Presha ilikuwa imemwandama mwaka wa tano. Dawa alimeza, ila mkanda wa kupimia aliuchukia. "Unanikaba mkono kama polisi," alimwambia mkewe. Ndipo binti yao akamletea saa inayopima presha bila mkanda. Chini yake kulikuwa na taa ndogo ya kijani iliyomulika ngozi na kusoma damu inavyopita. Fundi aliigeuzageuza, akacheka. "Haina hata gurudumu moja! Hii si saa, ni mpelelezi."

Nesi wa zahanati aliwaonya. Taa ile huona presha ikipanda au ikishuka, lakini haijui inaanzia wapi. Kila mwezi lazima mzee mwenyewe apimwe kwa mkanda huku saa ameivaa, na namba za mkanda ziingizwe kwenye simu iliyounganishwa nayo. Mara ya kwanza nesi aliwafanyia pale pale: mia sitini na nane kwa mia na mbili.

Mwezi ulipokwisha, saa iligoma, ikaonyesha vistari vitupu. Mkewe akaazima mashine ya mkanda kwa jirani.

"Baba watoto, lete mkono."

"Mkono una kazi."

"Dakika tano tu."

"Hizo ni zangu, usiniibie!" Akacheka, akaenda kuoga, saa akaiacha mezani.

Mke alichoka kubembeleza. Akaivaa saa yeye, akajifunga mkanda, akaingiza namba zake: mia na kumi na nane kwa sabini na sita. Alitaka tu vile vistari viondoke, nyumba ipoe. Kesho angempima vizuri. Kesho ikazaa kesho.

Asubuhi ile ya kwanza fundi alitazama saa mkononi mwake, akapiga kelele, "Mama watoto, njoo uone! Mia na ishirini na moja! Mungu mkubwa!"

Alivyofurahi, mke alishindwa kufungua kinywa. Wiki haikuisha, vidonge vikabaki kwenye kopo. "Mzima hanywi dawa," alisema fundi. Na hili ndilo lililokuja kumla mke hadi mfupa: kwa kuziona namba zile kila kukicha, naye alianza kuziamini. Alipiga magoti akamshukuru Mungu kwa uponyaji wa mumewe, kumbe alikuwa akishukuru kwa damu yake mwenyewe.

Fundi alianguka saa nne asubuhi, lenzi ingali jichoni. Hospitalini mkanda ulisoma mia mbili na kumi na nne. Saa mkononi mwake ilisema mia na ishirini na sita.

"Mama, alikuwa anameza dawa?" daktari aliuliza.

"Aliacha. Saa ilimwambia amepona."

"Mara ya mwisho mliiweka sawa kwa mkanda lini?"

"Mwezi uliopita."

"Mkanda ulisoma ngapi?"

Angeweza kusema amesahau. Fundi alikuwa amelala pale pale, mdomo umepinda, upande mmoja umekufa, jicho likimtazama.

"Haukumsoma yeye," alisema. "Ulinisoma mimi."

Mkono wa fundi uliobaki mzima ukaanza kupapasa. Ulitaka kuivua ile saa, lakini kifungo kikamshinda, mkono uliofungua saa za mji mzima. Mkewe akamvulia.

"Nisamehe, mume wangu. Huwezi kusema, najua. Bonyeza kidole changu tu."

Alikiweka kidole kiganjani mwake, akangoja mpaka wauguzi walipomwambia atoke wodini. Hakikubonyezwa. Siku ya tatu fundi akafariki.

Wiki iliyopita mjane alikwenda zahanati, akiumwa kichwa kwa kukosa usingizi. Nesi akamfunga mkanda, akatabasamu.

"Mia na kumi na nane kwa sabini na sita. Una presha ya msichana, mama. Mshukuru Mungu."

Mjane akaufungua mkanda mwenyewe, akamrudishia nesi.