Maji Baridi ya Mzee Wembe

Mzee Wembe hakuwa mtu wa samaki. Samaki aliyemjua yeye ni yule aliyekwisha kaangwa, na hata huyo alimlalamikia miiba. Ajabu ni kwamba mtu huyuhuyu, kinyozi aliyenyoa vichwa vya mtaa mzima mpaka jina lake la kuzaliwa likasahaulika, siku hizi hakufungua kibanda kabla hajawasalimu samaki wa sebuleni. Fundi viatu, jirani yake wa kibanda cha pili, alimuuliza siku moja kama nao huitikia. Mzee Wembe akamjibu kwamba wanaitikia vizuri kuliko wateja fulani wanaoingia bila hodi na kukalia kiti kama wamekirithi.

Tangi lilikuwa la binti yake. Alilijenga mwenyewe pale ukutani lilipokuwa kabati la vikombe: kioo kipana, maji ya chumvi, mawe, matumbawe madogo ya zambarau na kijani, konokono wawili watatu, na kamba wawili wembamba ambao kazi yao ilikuwa usafi. Walikuwamo pia samaki wawili wa rangi ya chungwa wenye mistari meupe, ambao binti aliwaita Maharusi kwa kuwa hawaachani. Maharusi walilala ndani ya Bibi Mikono, kiumbe laini mwenye vidole chungu nzima vinavyochezacheza majini. Asiyemjua hudhani ni ua.

Kisha binti akapata kazi ya unesi nchi ya mbali. Nguo zikasafiri, viatu vikasafiri, tangi likabaki na Baba. Mkewe alikwisha kutangulia mbele ya haki, na mtoto ndiye huyo mmoja. Nyumba iliyozoea sauti tatu ikibaki na moja, mtu husikiliza hata pampu ya samaki, na Mzee Wembe aliisikiliza.

Binti alipiga simu kila Jumapili. Baada ya shikamoo, swali la kwanza lilikuwa moja siku zote: Bibi Mikono hajambo? Mzee Wembe alijibu kwa kirefu, akapeleka simu kwenye kioo, akaeleza nani kala na nani kasusa. Mambo yake mwenyewe hakujua ayaanzie wapi. Moyoni aliamini kwamba tangi ndiyo kamba inayomfunga mtoto na nyumba ile. Likifa tangi, atauliza nini? Na asipokuwa na la kuuliza, atapiga kwa ajili gani? Wazo hilo lilimnyima raha, basi akawatunza wale viumbe kama mayai.

Kazi ya kila siku ilikuwa ndogo. Maji ya tangi hupaa hewani lakini chumvi haipai, hubaki. Kwa hiyo kila asubuhi alitia kikombe cha maji yasiyo na chumvi kutoka kwenye madumu yaliyopangwa nyuma ya mlango. Hilo alilijua. Ila kabla ya kuondoka binti aliongeza onyo moja, mkono mmoja tayari umeshika begi: "Mpira ukichomoka maji yakamwagika, Baba, usije ukarudishia maji baridi."

Sasa, wewe na mimi tunajua maji baridi ni mawili. Kuna ya mtungini, yanayopoza koo, na kuna yasiyo na chumvi, kama ya mto na kisima. Binti alisema haya ya pili. Lakini aliyeambiwa ni kinyozi. Kwa kinyozi maji baridi ni adui anayejulikana: hukaza ngozi, huziba vinyweleo, na mteja akiota vipele lawama ni zako. Mzee Wembe alitikisa kichwa kama mtu aliyeelewa, na kweli alielewa, ila alielewa kikinyozi.

Asubuhi moja alishuka kitandani akakanyaga maji. Mpira wa kichujio umechomoka, sebule imekuwa bwawa, na tangi limepungua karibu theluthi. Ncha za matumbawe zilikuwa nje, zinang'aa kwa unyevu. Mzee hakupoteza muda. Akarudisha mpira, akaukaza kwa waya, akakumbuka onyo la mtoto. Akateleka sufuria. Maji yote ya madumu aliyapasha uvuguvugu, akayajaribu kwa kiwiko kama anayeogesha kichanga, akayamimina polepole mpaka tangi likajaa. Akasimama, mikono kiunoni, akajipongeza. Akaenda kazini akipiga mluzi.

Aliporudi mchana kula, mluzi ulimkauka mdomoni. Bibi Mikono alikuwa amenywea mpaka amekuwa kama soksi iliyovuliwa. Matumbawe yote yamejifunga, mengine yanatoa utelezi mweupe. Konokono wameanguka miguu juu, kama wana miguu. Kamba wote wawili walilala ubavu, na hawakuamka. Maharusi tu ndio walikuwa wazima, wamejibana pembeni, wanamwangalia.

Shetani alimnong'oneza angoje. Jumapili bado, pengine watapona, na akiulizwa atasema simu imeharibika kamera. Alikaa kwenye kochi na wazo hilo kwa muda. Halafu akakumbuka alivyokuwa akimwambia mtoto huyohuyo, alipokuwa mdogo akificha madaftari, kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Akapiga.

Kule binti alikuwa amelala, maana hukesha zamu ya usiku. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza yale maji yalikuwa na chumvi au maji baridi.

"Baridi?" Mzee Wembe aliona ameonewa. "Mama, nimeyapasha mwenyewe!"

Alimwita Mama kwa sababu binti alibeba jina la bibi yake, mama mzazi wa mzee, na tangu utotoni hakuwahi kumwita vingine. Upande wa pili kikatoka kicheko kilichokatikakatika, na mzee akajua kwamba katikati yake mna kilio. Ndipo akaelezwa ni baridi ipi, akashika kichwa.

Alitaka kukimbilia chumvi ya jikoni aimwage palepale, yaishe. Binti alimkataza kwa sauti ya kinesi kabisa. Ya jikoni asiiguse. Iko ndoo ya chumvi ya bahari chini ya tangi. Aikoroge kando, kwenye ndoo ya maji safi, mpaka maji yawe maangavu na joto lilingane, ndipo atie kidogo, na kesho kidogo tena. Wale wameshtuka mara moja, wakishtuliwa tena hawatafika. Waliokufa awatoe wasichafue maji. Na kila asubuhi achote kwa kile kisanduku cha plastiki chenye mshale, aone mshale umepanda kiasi gani kuelekea alama aliyoipaka binti kwa rangi ya kucha. Yeye atapiga kila akitoka zamu.

Ndivyo simu ya Jumapili ilivyogeuka ya kila siku. Mzee alipima, akasoma, akatia chumvi, akakaa kwenye kochi mbele ya kamera ya simu, mgongo wake ukielekea tangi. Mazungumzo yalianza na mshale yakaishia kokote. Binti alimsimulia mgonjwa mmoja mbishi anayekataa dawa mpaka aimbiwe, na chumba chake mwenyewe ambacho dirisha lake linatazama ukuta. Mzee alimsimulia fundi viatu alivyoomba denge, aachiwe kishungi utosini, akatoka na kipara. Siku nyingine hawakusema kitu cha maana, alisikia tu kijiko kikigonga kikombe kule mbali, akaona kama mtoto yuko jikoni. Kibanda kilifunguliwa kimechelewa. Wateja walinung'unika, naye akawaambia ana wagonjwa nyumbani.

Mshale ukapanda, na kadiri ulivyopanda ndivyo moyo wake ulivyoshuka. Tumbawe la kijani lilifungua midomo yake. Konokono mmoja aliyedhaniwa maiti alianza kutambaa kwenye kioo. Mwisho mshale ukagusa alama ya rangi ya kucha, ukatulia. Simu ikalia. Imefika wapi, Baba?

"Bado kidogo," alisema Mzee Wembe.

Uongo mtupu, na yeye si mwongo. Kesho yake akasema bado kidogo. Keshokutwa akasema umepanda nywele moja tu. Alijichukia, lakini alijua neno "tayari" likimtoka mdomoni atarudishiwa Jumapili zake, na hakuwa tena na ubavu wa kuzibeba siku sita za katikati.

Asubuhi iliyofuata alipokwisha kusema bado, binti hakuuliza zaidi.

"Baba, sogea kidogo."

Akasogea. Nyuma yake Bibi Mikono alikuwa amejaa tele, vidole vyote vimetanda, na Maharusi wamejilaza katikati. Mzee aligeuka, akatazama kama ndiyo kwanza anaona. "Kumbe! Labda ni leo hii."

"Si leo. Nimekuwa nikimwona juu ya bega lako tangu juzi."

Uso ulimwiva kwa haya. Alinyoosha shuka la kochi ambalo halikuwa na kunyanzi. "Sasa mbona uliendelea kupiga?"

Binti alikuwa bado na sare ya kazi, na macho yamemvimba kwa usingizi.

"Huku wananiita kwa namba ya wodi, Baba. Hakuna anayeniita Mama."

Mzee Wembe alikohoa ingawa hakuwa na kikohozi. Alitaka kumwambia nyumba imekuwa kubwa, kwamba hupika cha wawili kwa kusahau, kwamba hakuwahi kupenda samaki hata siku moja. Akasema, "Basi, Mama, kesho nitapima tena."

"Pima. Na ukikuta umekaa sawa, niambie bado."

Alifika kibandani jua limekwisha panda. Fundi viatu, kofia imefunika kipara, aliinua macho kutoka kwenye soli akamuuliza wale wagonjwa wake wanaendeleaje, mbona hawaponi.

"Bado kidogo, ndugu yangu," alisema Mzee Wembe, akaanza kunoa wembe.