Nilikanyaga jiko la watu kwenye uwanja mtupu, hapa Durban

Wakuu, kwema humu?

Mimi ni msomaji tu, uzi wangu wa mwisho ulikuwa wa kuuza friji. Ila hili limenikaa kifuani mwezi mzima. Anayetaka kuliita chai aliite, mimi nilikuwepo.

Ni Mtanzania, nafundisha Social Sciences Grade 7 kwenye shule moja ya Chatsworth. Mwaka wa sita huu.

Term iliyopita walimu tuliitwa semina. Lengo lilikuwa kutusaidia kuingiza darasani habari za watu waliohamishwa kwa nguvu enzi za apartheid, ili watoto wakue wakijua yaliyotokea na wapatane. Mama mwezeshaji akatoa mfano wa Australia. Kule mwalimu anayetaka kufundisha habari za Aboriginal, wenyeji wa asili, anahimizwa awaendee wazee wao kwanza.

Akasema, "Kabla hujasimulia, uliza hadithi ni ya nani."

Mimi hapo nilikuwa nachati. Biriani lao lakini lilikuwa zuri.

Jumatatu nikaingia darasani kifua mbele. Chatsworth kuna jamii inaitwa Wazanzibari, walihamishiwa huku enzi hizo kutoka Bluff, upande wa baharini hapa hapa Durban. Nikajiambia, hapa nani wa kunifundisha, mtu wa Bongo? Nikawaambia watoto kwamba hao ni Waswahili wenzangu, wametokea Unguja, habari imeisha.

Rehana, binti mpole wa dawati la mbele, akanyoosha mkono. "Sir, Gogo wangu anasema sio hivyo." Gogo ndiyo bibi kwa huku.

Nikamjibu, "Huyo Gogo wako amewahi kufika Zanzibar?"

Darasa likacheka. Rehana akakaa.

Kesho yake naita register, kwenye jina lake kimya. Yupo, ananitazama, haitiki. Wiki nzima hivyo hivyo. Wiki iliyofuata dawati likawa tupu, na ofisi ikaniambia familia imeulizia uhamisho.

Wakuu, niliogopa. Mtoto anayeongoza darasa anahama shule kwa sababu ya mdomo wangu.

Nikamweleza Dieudonné, Mkongo mmoja, mwenzangu wa staffroom, mwalimu wa hesabu. Hakunionea huruma hata kidogo.

"Eish, mwalimu. Ile mutoto haiko mugonjwa. Ulifanya benzake bamucheke. Enda kwa koko yake, ile bibi, umuombe pardon. Na usiende na ile English yako ya kujionyesha."

Jumamosi nikaenda kwa Gogo. Mlango wa jikoni ulikuwa umezuiwa na jiwe jeusi, nikajikwaa, nikalisogeza kwa mguu. Gogo akainama taratibu na miaka yake yote, akalirudisha palepale.

Nikaomba msamaha. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Jina la Zanzibar tulipewa," akasema. "Watu wetu ni Wamakua wa Msumbiji. Unataka kufundisha kwetu na hujapaona. Lete darasa Ijumaa. Ya Rehana tutaongea baadaye."

Ngoja niwaambie kitu cha aibu hapa. Bibi yangu mzaa mama alikuwa Mmakua wa Masasi. Na mimi ndiye niliyekuwa nawafundisha wenyewe.

Ijumaa, saa nne asubuhi, jua kali, tukashuka na bus ya shule upande wa Bluff, Gogo na Rehana wakiwa nasi. Wakuu, hapakuwa na kitu. Uwanja wa nyasi, chupa za bia, taka za upepo. Gogo alihamishwa hapo akiwa na miaka tisa.

Akaanza kutembea, Rehana kamshika mkono. Hatua kumi mbele, akakata kona. Kona ya nini? Akatembea sambamba na kitu kisichokuwepo, akakata tena, akasimama.

Akabisha hodi kwa Kimakua.

Nywele zilinisimama. Bibi yangu wa Masasi alikuwa akibisha hivyo hivyo, naye alikufa nikiwa Form Two.

Gogo akasubiri, kama unavyosubiri mtu aje kufungua. Kisha akainamisha kichwa, mtu anayepita chini ya paa fupi, akaingia. Ndani ya nyasi.

Watoto mwanzo walicheka. Nyumba ya pili wakanyamaza. Nyumba ya tatu niliona learner wangu mtukutu kuliko wote anainama kupita mlango ambao haupo, na hakuna aliyemwambia.

Upepo ulikuwepo, nyasi zilikuwa zinalala. Ila nilikuwa nasikia hatua za watoto tu.

Mimi nikataka picha nzuri kwa ajili ya ripoti. Nikakata katikati ya uwanja niwawahi kwa mbele.

"Toka!" Gogo alipiga kelele bila hata kugeuka. Naapa, alikuwa amenipa mgongo. "Umekanyaga jiko la mama!"

Nikaruka nyuma. Mguu ukagonga kitu. Nikapekua nyasi, nikakuta mafiga mawili, meusi, yamezama udongoni, yameegemeana upande. Nafasi ya la tatu ilikuwa wazi.

Nikalikumbuka jiwe la mlangoni.

"La tatu mama aling'oa siku lori lilipokuja," Gogo akasema. "Alisema mawili hayainjiki chungu, kwa hiyo hakuna atakayepika hapa mpaka turudi."

Nililia, wakuu. Mbele ya Grade 7.

Jumatatu naita register. Nikafika kwenye jina lake.

"Present, Sir."

Nikampa chaki, mimi nikakaa dawati la nyuma. Akachora nyumba zote sakafuni, na jiko la mama yake Gogo katikati, akasimulia mwenyewe.

Jioni wafagiaji walifuta. Ila mpaka leo watoto hawapiti katikati ya darasa, wanazunguka. Grade 6 wakija kuazima viti nao wanazunguka, na hao hawakuwepo. Nimewauliza kwa nini. Wanasema hawajui.

Jana deputy principal kaingia, kakata katikati moja kwa moja. Darasa zima likavuta pumzi. Na mdomo wangu ukasema wenyewe, kwa Kiswahili, "Mzee, umekanyaga jiko la watu."

Hakuelewa neno hata moja. Lakini alirudi nyuma, akazunguka.

Nilichojifunza ni kidogo tu: ukikuta darasani mtoto wa wenye hadithi, kaa chini wewe. Mama wa semina alilisema mapema, nami nikaona simu ina maana zaidi.

Walimu mliopo humu, na msio walimu, mnisaidie. Pale mnapopita kila siku, kuna mahali watu wanapazunguka na hamjawahi kuuliza kuna nini?