Plagi Iliyochomolewa Angani

Miaka ile ya tisini barabara ya kwenda Kampala haikuwa salama, na mgonjwa aliyetushinda hospitalini Arua tulimwitia ndege ndogo. Mimi nilikuwa muuguzi, na mara nyingi mimi ndiye niliyetumwa kumsindikiza.

Msichana mmoja alitoka Kuluba, karibu na Koboko. Alikuwa amejifungua mtoto mfu, na damu ikakataa kukatika. Tulimlaza nyuma ya kiti cha rubani, mama yake upande mmoja, mimi upande wa pili. Kwa ngurumo ya injini, bila hedifoni husikii hata sauti yako mwenyewe, kwa hiyo rubani alitugawia sote, mgonjwa pia. Mama aligundua kwamba akisema kwenye maikrofoni, bintiye anafumbua macho.

"Mimi iko hapa. Usilale," alimwambia, tena na tena.

Tulipokwisha kuvuka mto Nile, kelele ikaingia masikioni kama mafuta yanayokaanga. Rubani hakunisikia nikimwambia mapigo ya moyo yanapotea, wala hakuwasikia watu wa uwanja wa ndege wa Entebbe. Akatuonyesha kwa kidole tunyamaze. Akabonyeza vitufe, akachomoa plagi ya hedifoni yangu, akairudisha. Akachomoa ya mgonjwa, akairudisha. Alipochomoa ya mama, kelele ikakatika.

"Hiyo ndiyo mbovu," alisema kwa Kiingereza. "Iacheni hivyo."

Nikamweleza hali ya mgonjwa. Akaishusha ndege chini ya mawingu, akaomba gari la wagonjwa litusubiri uwanjani.

Mama hakuelewa kilichotokea. Midomo yake iliendelea kwenda, na bintiye amefumba macho. Nilimwonyesha waya ulivyoning'inia. Akatikisa kichwa, akazidi kuongea. Nikamvua hedifoni, nikamvua na binti, nikamsukuma mama begani mpaka mdomo wake ukagusa sikio la mwanawe. Akabaki vile. Mkono wa binti niliokuwa nimeushika ulipoa kabla hatujaliona ziwa la Entebbe.

Uwanjani, injini ilipozimwa, mama akaniuliza, "Sista, mtoto yangu alisikia mimi?"

"Sijui, mama," nilisema. "Ulikuwa karibu naye kabisa."

Akaketi kwenye saruji, akafunga upya kitambaa chake cha kichwani. Rubani alikuwa akiukunja ule waya hapa na pale, akapata palipokatika, akapazungushia utepe mweusi.

Kesho yake aliturudisha Arua pamoja na maiti. Kutoka pale tulipanda pikapu kwenda kwao. Mama alikaa nyuma na bintiye mpaka Koboko.