Skripti yangu imelowesha maharage ya mama

Leo maharage ya mama yamelowa, na mvua siilaumu.

Si mnaijua ile skripti, kile kiprogramu kidogo nilichojifunza kuandika mwenyewe? Kila asubuhi inaiita programu ya hali ya hewa, inadaka jibu, inamtumia mama meseji kule kijijini Kagerankanda, mimi nikiwa huku Kasulu.

Leo intaneti imekata, meseji za kawaida tu ndizo zinakwenda. Programu haikujibu kitu. Skripti ikabeba jibu la jana, ikatuma: "Jua kali."

Mama akaanika.

Wingu likatanda. Jirani akapiga kelele, "Mama Jose, anua!"

Mama akamjibu, "Mwanangu wa Kasulu kasema jua."

Jamani! Mstari mmoja tu wa kukagua kama jibu ni la leo, nikaona uvivu kuuandika.

Nimempigia kuomba msamaha. Kasema, "Usijali baba. Meseji ya kesho inakuja saa ngapi?"

Nyie mngemjibuje?