Kilo ya Bwana Mkubwa

Kila ninapokatakata sukuma wiki na kubaki na mashina mkononi, harufu yake mbichi, yenye ukali kidogo, hunirudisha Jericho, mtaani kwetu Nairobi, kwenye nyumba yetu ya kaunsili yenye sakafu nyekundu ya simiti na boksi la sabuni lililokaa chini ya meza. Mashina hayo watu huyatupa. Kwetu, msimu mmoja wa baridi, halikutupwa hata moja. Niliyaosha, nikayapanguza kwa kanga ya Mama, kisha nikapiga magoti na kumpelekea Bwana Mkubwa.

Bwana Mkubwa alikuwa simbilisi. Kama hujapata kumwona simbilisi, mfikirie sungura aliyenyimwa masikio na mkia, akafidiwa kwa sauti ya filimbi. Huyu wetu alikuwa na manyoya ya kahawia na meupe, tumbo la karani aliyeshiba, na tabia ya kukutazama kana kwamba umechelewa kazini. Hakuwa wetu hasa. Alikuwa wa Shangazi Zena, dada mkubwa wa Baba, aliyekaanga mahamri Majengo na ambaye hakujaliwa mtoto. Shangazi alizungumza naye mchana kutwa, akimsimulia ya wateja na ya majirani, na mtu akicheka alisema afadhali mnyama asiyepeleka maneno.

Shangazi alipolazwa hospitalini, Baba alirudi nyumbani akiwa amekumbatia boksi. Akaliweka chini polepole, akaniambia, "Riziki, shangazi yako anasema umtunze mpaka atoke."

Mpaka atoke. Nililishika neno hilo kama ahadi niliyopewa mimi binafsi. Nikajiwekea akilini kwamba Shangazi akirudi lazima amkute mnyama wake vilevile alivyomwacha, na tumbo lake lote, na kwamba nikishindwa hilo basi na kurudi kwenyewe kutaharibika. Hakuna mtu aliyeniambia hivyo. Watoto hujitungia sheria zao na kuzitii kuliko za mzazi.

Mama alinipeleka kwa muuza dawa za mifugo karibu na Jogoo Road. Yule bwana alimgeuza Bwana Mkubwa huku na huku, akasema, "Huyu ni mzee. Wazee wakihamishwa nyumba hupungua kidogo, halafu husimama. Asiposimama, mrudisheni nimwangalie mdomoni, maana meno ya nyuma yakiota vibaya chakula hakipiti. Na usimkague kwa macho, mtoto. Manyoya yatakudanganya. Mpime kila wiki."

Kumpima wapi? Hakuna nyumba pale mtaani iliyokuwa na mizani. Mwenye mizani alikuwa Mzee Athumani wa dukani, mtu wa Lamu kwa asili, kofia nyeupe, sauti ya chini, na mizani ya mawe yenye sahani mbili. Wanawake walipita maduka mengine wakaja kwake kwa sababu hakuwa na tabia ya kupunja. Tena alikuwa na nyongeza. Sukari ikishatulia sawa na jiwe, akimwona mtoto ndiye aliyetumwa, alichota kidogo kwa kijiko akamwongezea na kusema, "Hii ya njiani." Tulikuwa tukigombania kutumwa kwake.

Aliposikia shida yangu hakucheka. Alitoa mizani ya nyuma, ile ya misumari na chokaa, akaipangusa, akaniambia, "Mlete, mjukuu wangu, tumwone huyo mkubwa wako." Basi kila Jumamosi nilipita na boksi langu kifuani, na wavulana wa kona wakaniuliza, "Niaje Riziki, hiyo panya mnapika lini?" Nikakaza mwendo. Nilikuwa mtu mwenye shughuli.

Mara ya kwanza alizidi kilo. Jumamosi iliyofuata akawa kilo kamili, amepungua kidogo kama tulivyoambiwa. Nilirudi mbio nikamwambia Baba, na Baba, aliyekuwa akipitia hospitalini akitoka kiwandani, akaahidi kupeleka habari. Mimi sikuruhusiwa kwenda. Askari wa getini hawakuwaingiza watoto wodini.

Kuanzia hapo ikawa kilo, na kilo tena. Mzee Athumani alimweka Bwana Mkubwa kwenye sahani, akamwekea kiganja mgongoni ili asiruke, akamsemesha kidogo, sahani ikashuka taratibu ikalingana na jiwe. "Kilo," anasema. "Amesimama." Nilimpelekea Baba ile kilo kama anayebeba bakuli la supu lililojaa. Naye alinirudishia ya kwake kutoka wodini: Shangazi amekunywa uji, Shangazi ameketi kitandani, Shangazi anakusalimu, chakula kinashuka vizuri sasa.

Kulikuwa na mambo niliyoyaona. Bwana Mkubwa alikuwa bado akipiga filimbi akisikia kisu kwenye mashina, na alikuja mbio. Alilishika shina, akalitafuna, kisha akaliacha lianguke. Analishika tena, linaanguka tena. Kidevu chake kilikuwa na unyevu kila wakati. Mimi nilisema anadeka, amezoea makombo ya mahamri ya Shangazi. Nilimkatia vipande vidogo zaidi, nikamkemea kwa upole kama Mama alivyonikemea mimi nikichezea chakula. Nilikuwa nimepimiwa kilo. Ningehofu nini?

Jumamosi moja Mzee Athumani hakuwepo, alikuwa ameenda kwenye maziko. Dukani alikuwa mkewe, Bi Mwanaisha, mwanamke asiyependa maneno mengi. Alimfunika Bwana Mkubwa kwa kitambaa, akamwacha kwenye sahani, akarudisha mikono yake kifuani. Jiwe la kilo halikuinuka hata kidogo. Akaliondoa, akaweka la nusu, akaongeza la robo. Sahani zikalingana.

"Nusu na robo," akasema.

Nilimwambia si kweli. Nilimwambia mizani yake imeharibika. Kisha nikamwambia lile neno ambalo Jericho nzima ililiogopa kumwambia mwenye duka, tena mbele ya wateja: nilimwambia ananipunja. Bi Mwanaisha hakukasirika. Alinitazama, akamtazama mnyama, akanirudishia boksi. "Mpeleke kwa aliyekwambia umpime, mwanangu," akasema. "Amekwisha huyu."

Sikumpeleka. Nilingoja mpaka jioni Mzee Athumani aliporudi, nikamsimulia, naye akaitoa tena mizani na kumwekea mkono mgongoni. Kilo. Nilifurahi karibu nilie. Usiku ule nilimpa Baba habari yangu kama kawaida: mwambie Shangazi bado ni kilo.

Shangazi Zena alifariki kabla ya Jumamosi nyingine. Nyumba ilijaa watu, viatu vikajaa mlangoni, kukasomwa khitma, na boksi likasukumwa pembeni kupisha mikeka. Nilimkuta Bwana Mkubwa amelala ubavu kando ya mashina ambayo hayakuguswa. Nilimwinua kwa mikono miwili, kama nilivyozoea, na mikono ikapanda juu kuliko nilivyotaka. Ndani ya yale manyoya hapakuwa na kitu. Nilimuuliza Baba mbona ni mwepesi hivi. Akasema, "Akifa huwa hivyo," akageuka upande wa ukuta.

Nami niliamini hivyo kwa miaka mingi. Niliamini mpaka nilipokuwa mtu mzima, siku nilipompeleka mwanangu wa kwanza kliniki. Muuguzi alimlaza kwenye mizani, mtoto akaanza kujipindua, nami nikamwekea kiganja kifuani asianguke. "Mama, toa mkono," muuguzi akasema. "Unampima na mkono wako." Nikautoa. Nikasimama pale, foleni nzima nyuma yangu, machozi yakinitoka, na yule muuguzi masikini akadhani ni uzito wa mtoto ulionitisha.

Nilikwenda moja kwa moja kwa Baba. Mzee Athumani alikuwa ameshatutoka. Baba alikuwa kibarazani akinywa chai, na nilipomuuliza habari za mkono wa Mzee Athumani juu ya sahani hakujifanya amesahau.

"Ni mimi niliyemwomba," akasema. "Zena alikuwa akiuliza habari za yule mnyama kabla hajaniuliza habari za watu. Ningemwambia nini? Kwamba na yeye anaisha?"

"Akaamini?"

Baba alicheka kidogo, kicheko kisichokuwa na furaha. "Hata siku moja. Alinijibu palepale, mzee kama yule ahame nyumba, na kila wiki awe kilo ileile? Alimjua mnyama wake. Kisha akaniambia, usimwambie mtoto. Mwambie mimi pia ninakula vizuri." Akaweka kikombe chini. "Hakuwa akimeza hata maji, Riziki. Wiki zote zile ilikuwa dripu tu."

Nilikaa naye mpaka chai ikapoa. Kwa hiyo walijua wote: Baba, Mzee Athumani, Shangazi mwenyewe, na Bi Mwanaisha aliyejaribu kuniambia nikamtukana. Nyongeza ile yote walinikusanyia mimi. Nawashukuru, na sitaki mtu aniambie hawakunipenda. Lakini pia nina uchungu nao, na uchungu huo haujapungua kwa sababu nimewaelewa. Bwana Mkubwa alikufa njaa chakula kikiwa mbele yake, na hakuna aliyemfungua mdomo kumtazama meno, kwa sababu mizani ilisema yuko sawa. Na Shangazi alikuwa bado yu hai, hapo hapo mjini. Kama ningalijua, ningaliwasumbua wale askari wa getini mpaka wanipitishe. Au ningalimtuma Baba na maneno. Ningalimwambia kwamba nampenda, kwamba nimejifunza kukaanga mahamri ingawa yangu hayafuri.

Sikumwambia. Nilikuwa namngoja atoke. Neno la mwisho nililompelekea shangazi yangu hapa duniani lilikuwa uzito wa mnyama wake, na hata huo haukuwa wa kweli.