Aliyeamkia Chemchemi

Mtembeza wageni yule hatangulii. Hufuata nyuma, viatu mkononi, na kila jani lililolazwa na mguu wa mgeni huliinua kwa vidole viwili, taratibu, kama anayemfunika mtoto aliyelala. Fundi cherehani alimwona, akacheka kimoyomoyo. Likizo yake ya kwanza, naye kaja kutalii kilima cha nyuma ya mtaa wao, tena kwa miguu! Shoga zake wangemcheka mpaka basi. Walipofika kwenye chemchemi, mtembezaji akapiga magoti. "Shikamoo," akayaambia maji, kwa sauti ya mjukuu. Akatega sikio, akatabasamu. "Ameitikia."

"Unaamkia maji, kaka?"

"Haya ndiyo yanayoshuka mpaka bomba la uani kwenu, dada. Yamekulea haya."

Fundi akainama kutazama. Chini kabisa, mchanga mweupe ulikuwa ukiumuka na kutulia, ukiumuka na kutulia, kama kifua cha mtu, na humo maji yakichomoza maangavu. Maisha yake yote ameyanywa, ameyapikia, ameyaogea, wala hajawahi kujiuliza yanatoka wapi. Kicheko kikamkauka. Akapiga magoti polepole, mkono kifuani.

"Shikamoo," akanong'ona, akatega sikio.